Karanga za Mwalimu Salha

Mkuu wa shule alimpa Mwalimu Salha kipindi kimoja tu cha kufundisha nusumetali za topolojia, mata zinazopitisha umeme kwa namna ya pekee. Kesho yake kidato cha sita kingerudia maswali ya mtihani. Salha akashika koni mbili za karatasi, za karanga za stendi ya Karatu, ncha kwa ncha, ya chini imejaa karanga, ya juu tupu.

“Koni hizi ni ngazi za nishati, karanga ni elektroni. Chini kumejaa elektroni, juu patupu. Ncha zimegusana, hakuna pengo, elektroni inavuka bure. Hata ukizisukuma, hazia—”

Koni zikamponyoka. Karanga zikatawanyika.

“Mbona zimeachana, Mwalimu?” Nelson aliuliza, akitafuna elektroni.

“Tema, Nelson!”

Sinyati, wa dawati la mbele, akapishanisha rula mbili, akasogeza moja. “Labda hivi? Makutano yanahama tu, hayapotei.”

“Ndiyo hiyo! Rudia kwa sauti!”

Sinyati akarudia. Kengele ilikuwa imeshalia, na darasa lilikuwa tupu, isipokuwa wao wawili.