Taa ya Upepo na Leseni Yangu

Wadudu wa theluji walianza kuruka Jumanne, weupe, wadogo, wakinasa kwenye nywele na kwenye nguo nilizoanika. Hapa Nayoro, kaskazini mwa Japani, hakuna anayesubiri redio imwambie theluji inakuja: ukiwaona hao, unatoa jeki. Kufikia Jumamosi karibu kila uwanja wa mtaa wetu ulikuwa na gari lililonyanyuliwa upande mmoja. Na mimi, Fusae, mjane wa miaka sabini na mitano, nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, navua matairi ya kiangazi na kufunga ya theluji. Kazi hiyo naifanya tangu mwanangu hajazaliwa.

Mwanangu huyo, Kazunari, alikuja kutoka Sapporo kunisaidia. Nauelewa msaada wake. Mwaka mzima ananipigia simu kuhusu leseni ya udereva: wazee wenzangu wanairudisha polisi kwa hiari, wanapewa cheti, wanapewa punguzo la teksi, mimi nang'ang'ania nini? Nang'ang'ania kwa sababu kila asubuhi napeleka mochi zangu, keki za mchele ninazozitengeneza, duka la barabara kuu, na basi lilishafutwa. Bila gari nitabaki ndani nikiongea na birika.

"Tufanye hivi, Mama," aliniambia kabla sijaanza. "Ukifunga matairi na gari likawa sawa, sisemi tena. Likiwa na kasoro yoyote, Jumatatu tunakwenda polisi."

"Sawa. Lakini nikishinda, usiitaje leseni hata kwa mzaha."

Nikafunga. Nikakaza nati moja moja, huku yeye akiingiza matairi ya kiangazi stoo, ukuta kwa ukuta na pale gari linapolala. Nikawasha injini. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano, ile ya upepo wa matairi.

Gari langu la zamani halikuwa na taa za umbea. Hili nililinunua mtumba mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, na muuzaji alijisifu kwamba kila tairi, la kiangazi na la theluji, lina kidude ndani kinachopeleka habari za upepo kwenye gari.

"Umeona mwenyewe," Kazunari akasema. Sauti yake ilijaa huruma, na hilo liliniudhi kuliko angenicheka.

"Nimeona taa. Kosa sijaliona. Lete geji."

Akapima matairi yote manne. Upepo sawasawa. Akapima tena, akakuta vilevile.

"Basi kuna kitu umefunga vibaya."

"Taa ya upepo inajua nini habari za nati?"

"Mama, tulikubaliana. Teksi ipo."

"Teksi gani? Ile moja, ambayo dereva wake alinitangulia darasa shuleni? Yeye kijana, mimi ndiye kikongwe?"

"Yule ni dereva wa kazi."

"Na mimi sichezi. Panda!"

Nikaendesha kuelekea mashamba ya mpunga. Nilikuwa na hasira, na hofu pia, maana huenda mtoto alisema kweli. Tulipokuwa tumevuka daraja na kwenda mbali kidogo, taa ikaanza kupepesa.

"Inazidi! Geuza, Mama, polepole."

Nikageuza. Tulipoingia uwanjani na kusimama kando ya stoo, taa ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja kama mwanzo. Nikaitazama. Nikautazama ukuta wa stoo.

"Hili gari linaongea na stoo," nikasema.

"Mama, jamani..."

"Hebu nyamaza."

Nikaingia stoo, nikabonyeza tairi la kiangazi kwa kidole gumba. Laini.

"Nani katoa upepo humu?"

"Mimi. Si Baba alikuwa anatoa nusu kila mwaka kabla ya kuyahifadhi? Yanadumu."

Kweli, mtaa mzima tunafanya hivyo. "Matairi ya baba yako hayakuwa na mdomo," nikamwambia, nikamkabidhi pampu ya mguu. "Jaza."

Alikanyaga mpaka koti likamshinda, akalivua. Mimi nilikaa nyuma ya usukani, injini inanguruma, macho kwenye taa. Alipomaliza tairi la nne, taa ikazimika. Magurudumu yaliyonibeba hakuna aliyeyagusa.

"Imezimika!" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Nikampigia muuzaji. Akaomba radhi, alisahau kuniambia: chini ya usukani kuna kitufe cha kulijulisha gari kwamba limebadilishiwa matairi, la sivyo linaendelea kuyasikiliza yale ya zamani, na yakiwa mbali lisiyasikie, taa inapepesa. Nikakibonyeza mwenyewe.

Kazunari alisimama kwenye mlango wa stoo akijifuta jasho. Wadudu weupe walikuwa wamemjaa begani.

"Ila mwakani, Mama, utakuwa na sabini na..."

"Tulikubaliana nini?"

Akaanza kujikung'uta wadudu begani.

"Gari limesikiliza hata yale uliyoyafungia humo ndani. Wewe hunisikii mimi, na nimesimama mbele yako. Bado sijaingizwa stoo, Kazunari."

Aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, lakini si sana. Nikamtwisha sanduku la mochi.

"Beba, tunapeleka dukani. Na huo mkono utoe kwenye mlango wa dereva."