Moto wa Upande Mmoja

Siku Ovllá alipoondoka duniani, pikipiki yake ya theluji ilikuwa inanguruma mlangoni. Hakuwa na desturi ya kuizima. Kila mara alisema anaingia dakika mbili tu, na dakika mbili zake zilijulikana kwa ukoo mzima: zilitosha birika zima la kahawa na kipande kizuri cha nyama kavu. Asubuhi hiyo ya Novemba aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye kiti chake karibu na jiko, akamwambia mkewe, "Ravdna, hebu toka ukashike usukani, halafu uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Wewe kashike tu."

"Ngoja kwanza nimimine kahawa."

Alimimina. Alipogeuka na kikombe mkononi, Ovllá alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu chini ya sakafu. Moyo ulikuwa umesimama.

Watu walikuja, simu zikapigwa, na saa nzima ilipita kabla mtu hajakumbuka kwamba injini bado inazunguka nje. Ravdna alitoka kuizima mwenyewe. Kabla ya kuizima alishika usukani kwa mikono mitupu, maana ndicho alichoombwa. Mshikio wa kushoto ulikuwa na joto zuri. Wa kulia ulikuwa vuguvugu tu, unaelekea kupoa. Hakujua alitakiwa aseme nini. Akazima injini, akarudi ndani.

Mwezi wa Machi ulimkuta akiiendesha pikipiki hiyo yeye. Kulungu wa theluji wa nyumba yake walichungwa pamoja na wa shemeji yake Heaika, mdogo wa Ovllá, na wa jirani yao Piera. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kulizunguka kundi saa nne mfululizo, ili wanyama wasivuke mto na kuingia kwenye malisho ya wenyewe. Zamu ya Ravdna ilikuwa Alhamisi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, jicho kali, na vidole vilivyogeuka vyeupe kama mishumaa baridi ikizidi. Mara mbili alikuwa amerudi nyumbani kabla ya saa mbili kwisha kwa sababu dole gumba la kulia halikuhisi tena mkono wa mafuta, ule unaosukumwa kuongeza mwendo. Mara ya pili, kulungu tisa walivuka mto, na Piera alishinda kutwa akiwatafuta.

Jumanne Heaika alikuja kunywa kahawa. Alitia vipande vya jibini kikombeni, kama ilivyo desturi yao, akavikoroga polepole. Ravdna alijua kuna neno linakuja.

"Shemeji," alisema, "Piera anasema anaweza kuchukua Alhamisi."

"Piera amesema, au wewe umemwambia aseme?"

"Tumesema pamoja. Na mwezi ujao tukihamia pwani, kulungu wako sisi tutawapeleka. Wewe utakaa hapa, ule vizuri, upigiwe simu."

"Nipigiwe simu niambiwe nini? Kwamba kulungu wangu wananisalimu?"

"Wana adabu, wanaweza."

Ravdna hakucheka. Miaka thelathini na mitano alikuwa amelifuata kundi hadi pwani. "Vidole vyangu ndivyo vinavyorudi nyumbani, si mimi," alisema. "Vipasha mikono vya pikipiki hii ni mzaha. Ninaweka swichi juu kabisa, na sipati moto wa kuyeyusha siagi."

"Unavaa nini?"

Akamwonyesha: glavu nene za sufu, na juu yake glavu kubwa za ngozi ya miguu ya kulungu, manyoya nje, alizojishonea mwenyewe. Heaika aliziinua kama mtu aliyeletewa kitoto.

"Shemeji yangu mpenzi. Moto unatoka kwenye usukani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na ngozi hii umeishona ili kitu chochote cha nje kisipite?"

"Hakuna anayeshona kama mimi."

"Basi huo ndio msiba. Moto unakuja hadi mlangoni, unabisha hodi, unafukuzwa. Msimu mzima umempasha joto kulungu aliyechinjwa mwaka juzi."

Ravdna alizichukua glavu zake, akazigeuza. Mama yake na bibi yake hawakutoka nje bila glavu zile, ila mama yake na bibi yake walikaa kwenye sleji ya kuvutwa na kulungu, na sleji haikuwa na swichi.

"Na wewe unavaa nini?" akauliza.

"Glavu nyembamba. Mke wangu anasema ni za mtu wa mjini."

"Anasema kweli. Lakini ngoja. Kama kosa ni glavu, mbona mkono wa kushoto huwa nafuu? Siku zote wa kulia ndio unaokufa kwanza."

Heaika alikuna shavu. Wakachukua vikombe vyao, wakaenda kwenye banda la zana, lile ambalo mlango wake ulikuwa mwekundu hadi kiunoni tu, kwa kuwa Ovllá alikusudia kumalizia rangi kiangazi kingine.

Heaika alianza na upande wa kulia. Akafungua skrubu za mkono wa mafuta, akauchomoa mshikio wa mpira. Chini yake kulikuwa na utepe mwembamba wenye waya wa moto, umegandishwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma.

"Unaona?" alisema. "Chuma kinaumeza. Nusu ya moto inapasha bomba, na bomba lenyewe liko wazi ndani kama filimbi, upepo unapita."

Kisha akafungua wa kushoto, na hapo akatia bisibisi mfukoni, akainama kuangalia.

Chini ya utepe wa waya, bomba lilikuwa limeviringishwa gome jeupe la miti ya mlimani wanayochoma kuni, lile jembamba kama karatasi, likafungwa kwa uzi. Na ndani ya bomba kulikuwa kumeshindiliwa nyasi kavu. Ravdna alivuta majani mawili. Zilikuwa nyasi zake mwenyewe, zile anazozikata kila Agosti kando ya ziwa, akazipiga na kuzichana ziwe laini za kuwekea ndani ya viatu kuzuia baridi.

"Mwizi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua mzigo mmoja umepungua. Nikamlaumu panya."

"Alikuwa anafanya nini? Kaka hakuwahi kuhisi baridi mikononi. Vipasha hivi hakuviwasha hata siku moja."

Ravdna aliketi juu ya ndoo. Vuli yote alikuwa amemwomba Ovllá wapokezane zamu, na vuli yote Ovllá alimjibu, "Subiri, haijawa tayari." Yeye akadhani ni njia ya mume mpole ya kusema hapana. Alikasirika siku mbili na kumpikia supu bila chumvi.

"Asubuhi ile aliniambia nikashike usukani nimwambie," alisema. "Alitaka niseme upande upi una moto zaidi. Mimi nikamimina kahawa."

Heaika aliugeuza ule mshikio mkononi mara kadhaa. "Kwa nini aliacha wa kulia?"

"Wa kulia una mkono wa mafuta. Kuna skrubu nyingi."

"Ah." Heaika aliutazama mlango wa banda. "Huyo ni kaka yangu kabisa. Kila kitu alikianzia upande ulio rahisi."

Hapo Ravdna alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye kutu, na kilimtoa machozi, lakini kilikuwa kicheko. Heaika alijishughulisha na kutafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake.

Upande wa kulia Ravdna aliufanya mwenyewe. Alibandua gome kwenye kuni, akalizungusha kwenye bomba tabaka mbili, akagandisha utepe juu yake, akashindilia nyasi hadi Heaika akamuuliza kama anajaza kiatu au mto wa kulalia.

Ilibaki kinga ya upepo: glavu za ngozi zifungwe kwenye usukani wenyewe, ili moto ubaki ndani pamoja na mkono. Glavu za Ravdna zilikuwa ndogo mno kuufunika mshikio na mkono wa mafuta pamoja. Ukutani, juu ya msumari, zilikuwepo za Ovllá, ambaye alikuwa na viganja kama sepetu. Ravdna alizishona miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu Novemba hakuna aliyezigusa.

"Si lazima hizo," Heaika alisema. "Naweza kununua za dukani."

"Za dukani zinaingiza upepo." Alizishusha, akanusa ndani mara moja, akachukua kisu. Alikata mahali pa vidole, akapenyeza mshikio, akafunga ukingo kwa mshipa wa kulungu, mshono kwa mshono. Glavu zikakaa kwenye usukani midomo ikimtazama dereva.

"Sasa hata akiwa kaburini amekushika mikono," Heaika alisema.

"Nyamaza, shemeji, la sivyo nakushonea kinywa."

Alhamisi nyuzijoto zilishuka hadi thelathini na moja chini ya sifuri. Ravdna alivaa glavu nyembamba za sufu, akaingiza mikono ndani ya zile za Ovllá, akaondoka. Heaika alikuja kumsubiri jikoni, eti kuazima kamba. Saa mbili zikapita, kisha tatu. Baada ya saa nne na robo pikipiki ilisikika. Ravdna aliingia, akafungua zipu yake mwenyewe, akamimina kahawa bila kumwaga tone.

"Mto haukuvukwa," alisema. "Na mikono yote miwili ni sawasawa. Kama kuna mtu aliuliza."

Heaika alivitazama vidole vyekundu vya Ravdna, kisha akaangalia dirishani. "Piera anauliza kama unaweza kumshonea na yeye."

"Piera amesema, au wewe umemwambia aseme?"

"Mwezi ujao, tukihamia," Heaika alisema, "nani anakaa nyuma ya kundi?"

"Mimi."

"Basi nitamwambia Piera."

Tangu hapo Alhamisi ni ya Ravdna. Hutoka peke yake, huzunguka saa nne, hurudi. Akifika mlangoni, huizima pikipiki kwanza, ndipo akaingia.