Teke la Mkwe

Fundi bomba alijiandikisha kwenye darasa la taekwondo kwa sababu moja tu: mama mkwe wake alikuwa akifanya mazoezi pale, na nyumbani kwake alikuwa hamfungulii mlango.

Mwezi uliopita mkewe alimsimamia pale kwenye sinki la jikoni, akamuuliza kama anataka yeye mke abaki au aende. Swali jepesi, hata kasuku angelijibu. Yeye akaendelea kukaza koki. Koki ikapona, mke akaenda kwa mama yake. Tangu siku hiyo bwana huyu alikuwa na maneno tele kifuani, lakini yakifika kooni yanakaa kitako.

Basi akaingia ukumbini miguu mitupu, na suruali nyeupe ya kuazima iliyomkomea chini kidogo ya magoti. Mama mkwe, ambaye daktari alimshauri mazoezi kwa ajili ya viungo, alikuwa ameshafika mkanda wa kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe unaongea?"

Mwalimu, asiyejua ya watu, akawapanga pamoja. Wakainamiana. Mama akashika mto wa kupigia mateke, usawa wa kifua. Sasa mtu na adabu zake ampige mama mkwe teke la kifua? Akapiga hewa, pembeni kabisa, kwa heshima zote.

"Sauti!" mwalimu akasema. "Teke bila sauti halihesabiki."

Akarudia. Kikamtoka kikohozi, kama bomba lililokatiwa maji.

"Mwalimu, usihangaike," mama akasema. "Mwanangu alimuuliza swali huyu, akakaza koki."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi aliona aibu, akaona na uchungu, na uchungu ukawa mkubwa kuliko aibu. Akainua mguu, akaupiga ule mto barabara, na sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuwa akiijua.

"Namtaka mke wangu! Arudi nyumbani!"

Kisha akaanguka chali. Mwalimu akasema sauti ni nzuri, mguu utafuata.

Mama mkwe hakushusha mto. Alitazama mlangoni, ambako binti yake alikuwa akivua viatu, amekuja kumchukua mama yake kama kawaida. Akamgeukia mkwe wake pale chini.

"Inuka, baba. Rudia. Mwenyewe ndiyo kwanza anaingia."