Mzee Kwenye Pete

Jumamosi moja ya Julai mwaka 2001, mwalimu Maweu alianika picha sita kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba yake Kitengela, kati ya soksi za watoto na leso ya mkewe, Celine. Alizibana kwa vibanio vya mbao, kisha akasimama upande upepo ulikotoka ili azikinge na vumbi. Majirani walishamzoea. Mwalimu wa fizikia aliyejitengenezea darubini kwa bomba la plastiki hakosi vituko vyake.

Alichopenda kupiga picha ni nebula ndogondogo. Nyota ikifa hujivua ngozi, na ngozi hiyo hubaki angani kama pete ya moshi. Ili kuinasa, ilibidi agandishe jicho kwenye darubini dakika arobaini nzima, akiizungusha kwa mkono, kidogo kidogo, huku filamu ikinywa mwanga. Vitabuni pete aliyoipiga mara hizi sita ilikuwa na namba tu. Maweu aliona ni uchoyo. Kwa shukrani akaipa jina la mzee aliyemuuzia ploti, akaliandika nyuma ya kila picha: Lesiamon.

Saa tatu jirani yake Naeku alileta maziwa, kama kila siku.

"Sopa, mama Soipan," Maweu alimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, mwalimu."

Naeku aliweka galoni chini akazitazama picha moja moja. Katika ya kwanza pete ilikuwa moshi. Katika ya pili ilikuwa ua wa miiba, na katika ya tatu nyumba saba zilizosilibwa kwa samadi, ng'ombe wakiwa katikati. Kuanzia ya nne, mzee mmoja alikuwa ametoka mlangoni. Katika ya sita alikaribia kuijaza karatasi, fimbo begani, macho kwa aliyeshika kamera.

"Hii ni boma yetu," Naeku alisema. "Hapo kwa jikoni yenu ndio ng'ombe zilikuwa zinalala. Na huyu ni baba."

Upepo uligeuza picha moja akaona maandishi. Akairudisha haraka.

"Mwalimu, nani alikwambia umuite? Sisi mtu akifa hatumtaji jina. Ukimtaja anasikia. Anakuja kujua unataka nini."

"Sikujua ameenda."

"Alienda tisini na nne, kabla ya mvua ya Aprili."

Hati ya ploti ya Maweu ilisema Lesiamon aliweka alama ya kidole mwaka 1997. Aliikumbuka vizuri siku hiyo, ofisini kwa wakili mmoja huko Kajiado. Dalali alimleta mzee aliyevaa shuka ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Wakili aliposoma jina, mzee hakugeuka. Likasomwa tena, dalali akamgusa kiwiko, ndipo akageuka. Maweu aliyaona yote. Celine alikuwa mjamzito na ploti ilikuwa nzuri, kwa hivyo aliinua macho akasoma kalenda ukutani.

Mchana alimweleza mkewe. Celine alikuwa akichambua maharagwe na hakuacha.

"Baba Mbithi, hati iko na jina lako," alisema. "Picha si hati."

Maweu alifuta jina nyuma ya picha zote. Akageuzia darubini nebula nyingine, ndogo zaidi, upande mwingine wa mbingu. Mzee alikuwa huko pia, ameketi kwenye kigoda, akingoja. Maweu aliogopa mpaka akaanza kuosha filamu akiwa amefumba macho, ingawa gizani hakukuwa na tofauti.

Picha ya mwisho ilitoka Agosti. Ndani yake hamkuwa na nyota wala boma. Mlikuwa na kidole gumba kimoja tu, kimeijaza karatasi yote, kisafi, bila wino, na kovu limekikata katikati. Maweu alitoa hati, akatumia kioo cha kukuza kukilinganisha na alama iliyomo. Ile ya hati haikuwa na kovu.

Alimwonyesha Naeku.

"Panga ilimkata akijenga ua," Naeku alisema. "Sasa utafanya nini?"

"Naogopa, mama Soipan."

"Wewe unaogopa nini na ploti ni yako?"

Maweu aliitia picha kwenye bahasha moja na hati, akaifungia ndani ya sanduku. Mwezi uliofuata fundi alimaliza kuizungushia ploti ukuta wa mawe na kufunga geti la chuma. Fundi alichagua mwenyewe mahali pa kuliweka, pale ardhi iliposhindiliwa ikawa ngumu. Ni palepale ulipokuwa mlango wa boma.

Naeku bado huleta maziwa saa tatu. Hufika kwenye mlango wa baba yake, hubisha, na husubiri afunguliwe. Maweu husimama upande wa ndani, mkono kwenye komeo, na hafungui mpaka aulize ni nani na asikie sauti ya mwanamke.