Ndege Waliohama

Kwa miaka miwili Bwana Ndege alikuwa na ugomvi na ndege. Wamehama, alisema, wamemkimbia bila hata kuaga, na kila aliporudisha wageni kutoka kwenye maporomoko aliandika hivyo katika daftari la safari: ndege hakuna. Jina hilo la utani alilipata zamani, alipokuwa akisimama katikati ya msitu, macho kayafumba, akataja ndege kumi na wawili kwa milio yao tu. Siku hizi akifumba macho alisikia upepo na buti za wageni. Aliwalaumu wakata miti, akawalaumu wachoma mkaa, na mwaka jana alimwandikia bosi barua ya kurasa mbili kuhusu jambo hilo.

Ofisi ya waongozaji ilikuwa chumba kimoja, meza moja, buti za kuazimisha zimepangwa chini ya dirisha na misumari mitatu ukutani: wa kamba, wa mfuko wa dawa, na wa filimbi. Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alisimama mlangoni akitazama mlima. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa nyuma katika kila msafara.

"Shem, kule juu kumeshika giza," alisema. "Tuwafikishe kwenye kibanda cha kupumzikia, tugeuze."

"Kule juu ni kule juu. Hapa jua linawaka."

"Mvua ya kule ndiyo maji ya huku. Hilo si mimi wa kukufundisha."

"Ndiyo maana una filimbi." Bwana Ndege aliitoa msumarini akamtupia. "Na leo upulize ya maana. Siku hizi unapuliza kama mtu anayepoza chai."

Hiyo ilikuwa filimbi ya tatu. Mbili za kwanza Bwana Ndege alizitupa mwenyewe, akisema zimekufa. Shemeji alimtazama, kisha akaivaa filimbi shingoni.

Ili kufika chini ya maporomoko ilibidi kuvuka mto kwa mawe tisa. Kila safari mtu wa nyuma alipanda hadi kwenye kona ya mto, hatua mia mbili juu, ambako aliweza kuona maji yanayokuja. Mwongozaji alisimama kwenye jiwe la katikati akiwapitisha wageni mmoja mmoja. Maji yakibadilika rangi, filimbi ililia mara tatu. Kutoka umbali huo maporomoko yalimeza sauti ya mtu, ila filimbi ilipenya. Kuanzia mlio wa kwanza hadi mafuriko kufika kwenye mawe, mtu aliweza kuhesabu mpaka mia, basi. Wageni hawakuambiwa habari hizo. Kuna mwaka mgeni mmoja aliisikia akatimua mbio mpaka akavunjika mguu, na bosi akaamuru ibaki alama ya waongozaji wawili tu.

Wageni walikuwa sita, wafanyakazi wa kiwanda kidogo cha mikate waliopewa siku ya mapumziko. Dereva wao, pande la mtu, hakufunga mdomo tangu getini. Hatua moja nyuma ya Bwana Ndege alitembea mwokaji, mama wa makamo, mpole, ambaye kila baada ya hatua chache alisimama na kuinua uso.

"Yule anaitwaje, baba?" aliuliza.

"Yupi?"

"Huyo wa juu, mwenye sauti nyembamba. Sasa hivi ameanza tena."

Bwana Ndege alisimama akasikiliza. Alisikia dereva akijisifu. Alisikia maporomoko yakinguruma mbali. "Ni matawi yanasuguana," alisema. "Ndege walishahama huku, mama."

Mwokaji hakubisha. Aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini baada ya hatua kumi aliinua uso tena, akatabasamu, na Bwana Ndege aliliona tabasamu lile likamkera kuliko matusi. Mtu hatabasamii matawi. Alikumbuka mkewe anavyomwambia kila siku ana pamba masikioni, naye humjibu kwamba watu wa nyumba hiyo wanamung'unya maneno. Akajipa moyo. Ngurumo ya maporomoko aliisikia vizuri, na dereva alimsikia kupita kiasi. Masikio mabovu yangemnyima hata hayo. Hata hivyo hofu ilikuwa imeshaingia, maana aliyajua mawe yale: pale, roho za watu sita zilitegemea masikio yake mawili. Angeweza kugeuza. Angesema goti linamuuma, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Lakini tangu asubuhi alikuwa amemcheka shemeji, na kugeuza sasa kungekuwa kukubali mbele yake. Akajikaza kisabuni, akaongoza njia.

Walipofika mtoni shemeji alipanda kwenye kona yake, miti ikamficha. Maji yalikuwa maangavu, mawe yote tisa makavu mgongoni. Bwana Ndege alitangulia hadi jiwe la tano, akampungia dereva aje. Dereva alifika jiwe la tatu, akatazama chini, na maneno yote yakamwisha. Akachuchumaa.

"Simama, kaka. Tazama mkono wangu, usitazame maji."

"Subiri kidogo," dereva alisema. "Subiri."

Ukingoni wengine walicheka na kumtania. Mwokaji hakucheka. Alikuwa ameinua uso tena, safari hii akitazama upande wa juu wa mto, na akapaza sauti kumwuliza Bwana Ndege, kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi wake.

"Na yule je, baba? Yule anayelia mara tatu, ananyamaza, halafu tena mara tatu. Naye ni matawi?"

Bwana Ndege hakuuliza yupi. Alitazama maji kwenye jiwe la nne, na tayari yalikuwa na rangi ya chai.

"Rudini juu!" alipiga kelele. "Nyote, juu kwenye miti!"

Hakujua filimbi ililia kwa muda gani, hivyo hakujua ahesabu kuanzia ngapi. Aliruka hadi jiwe la nne, la tatu, akamshika dereva kwapani. Jamaa alikuwa ameganda. Bwana Ndege alimvuta, hakuvutika. Akamzaba kofi, na kwa kofi lile dereva akasimama. Jiwe la pili lilikuwa limeshafunikwa. Walilikanyaga kwa kubahatisha, wakaangukia mchangani kwa magoti, na mikono ya mwokaji, migumu kwa miaka ya kukanda unga, ikawashika kola na kuwaburura hadi kwenye mizizi ya mti. Ndipo mto ukaja na matope na matawi. Mawe yote tisa yakapotea.

Shemeji alitokea kwenye miti akikimbia, uso umelowa machozi. Aliwahesabu wageni kwa kidole, mara mbili, kisha akamgeukia Bwana Ndege.

"Shem, nimepuliza mpaka kifua kinauma. Ulikuwa wapi?" Halafu akaona jinsi wageni wanavyomtazama mwongozaji wao, akashusha sauti. "Ni maporomoko, eti? Leo yana kelele sana."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na Bwana Ndege aliutamani. Ingetosha aseme ndiyo. Lakini alimtazama dereva, aliyekuwa na alama ya vidole vitano shavuni.

"Pulizia hapa," alisema. "Hapa mbele yangu."

"Shem..."

"Puliza."

Shemeji aliweka filimbi mdomoni. Bwana Ndege aliona mashavu yakijaa. Aliona mwokaji akikunja uso na dereva akiziba masikio kwa viganja. Mto ulinguruma, maporomoko yakanguruma, na zaidi ya sauti hizo nene hakusikia kitu chochote: zile nyembamba ndizo zilizokuwa zimemhama. Alilia, mtu mzima, mbele ya wageni, na hakujificha.

Walirudi shemeji akiwa mbele. Bwana Ndege alifuata nyuma kabisa, na mwokaji alitembea naye, mpaka aliposimama na kunyoosha kidole juu.

"Nyembamba," alisema, akimwangalia usoni ili amwone midomo. "Inapanda, inapanda, halafu inakatika ghafla."

Bwana Ndege alimjua ndege huyo. Akamtaja jina. Mama akanyoosha kidole kwingine, naye akamtaja huyo pia, na walipofika getini ndege walikuwa wamefika tisa.

Ofisini alifungua daftari la safari. Mbele ya tarehe ya siku ile aliandika: Ndege wapo. Mwongozaji hasikii. Akampa shemeji asome, kisha akaweka sahihi.