Vipimo vya Mzee Jasim

Tangu siku tangi la maji lilipotobolewa, Nassoro hakuweza kutulia mahali pamoja. Alianza kuosha gari, akaacha upande mmoja una povu, akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo. Alikaa kula akiwa ameukazia macho mlango. Zuleikha, mkewe, alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay, jijini Doha, na walionana Ijumaa tu. Ijumaa moja alimtazama weee, kisha akamwuliza kama kaingiwa na siafu nguoni.

"Sina kitu, Mama Halima."

"Huna kitu, na chai inapoa mbele yako. Sema, Baba Halima."

Ndipo akasema.

Nassoro, mtu wa Pangani, alikuwa dereva wa Mzee Jasim kwa karibu miaka tisa. Mzee Jasim alikuwa Mkatari wa Umm Salal, mfanyabiashara aliyekwisha kuwaachia wanawe kazi, na baada ya wanawe hao hakuna alichokipenda kama bunduki za marisau. Hakuzinunua dukani. Zake zilitengenezwa kwa mkono katika karakana moja ndogo ya milimani, kaskazini mwa Italia, mali ya fundi mzee aliyeitwa Renzo. Kila mwaka, joto la Doha likianza kuchoma, Jasim alipanda ndege kwenda huko kama mtu anayekwenda kuzuru ndugu. Nassoro alifuatana naye, maana Jasim alijua Kiarabu tu, naye Renzo alikuwa na Kiingereza cha kuungaunga. Nassoro alikipata Kiingereza chake katika hoteli ya watalii Arusha, na Kiarabu alikiokota hapahapa Doha.

Kule karakana Jasim alibadilika. Hapa nyumbani alikuwa mtu wa amri fupifupi. Kule alipewa kigoda pembeni ya mafundi, akakaa asubuhi nzima akiangalia chuma kinavyopigwa tupa, akipapasa vipande vya mti wa jozi kama mwanamke anayechagua kitambaa cha harusi. Mafundi walimwita kwa jina lake. Mke wa Renzo alimletea kahawa bila kumwuliza anataka au hataki. Kila bunduki aliyoagiza ilitengenezwa kufuata mwili wake: urefu wa mkono, upana wa bega, umbali wa shavu na jicho.

"Sasa hilo tangi?" aliuliza Zuleikha.

Hilo lilitokea mwezi wa kwanza, shambani kwa mzee. Jasim alikuwa akipiga visahani vya udongo, na Nassoro ndiye aliyeisukuma mashine inayovirusha hewani. Baina ya kisahani na kisahani, Jasim aligeuka amwambie neno, na bunduki ikageuka pamoja naye. Ikalia. Simtanki lililokuwa ubavuni mwa Nassoro likatoboka matundu kama chujio, maji yakamrukia mgongoni. Kwa muda alidhani ni damu.

"Ulimlaumu?"

"Nimlaumu nani? Alikuwa ameduwaa, anautazama mkono wake kama si wake. Halafu akaniambia, 'Tangi lenyewe lilikuwa limechakaa.' Kesho yake likaletwa jipya. Hatujalitaja tena."

"Na mkono?"

"Unatetemeka. Umeanza zamani kidogo. Kahawa siku hizi anashika finjani kwa mikono miwili."

Zuleikha alisukuma kikombe kando. "Mwambie mwanawe, Fahadi."

"Nimwambie nini? Kibali changu cha kazi, chumba ninacholala, mshahara unaomlipia Halima karo, vyote viko mikononi mwa mzee."

"Na mikono yenyewe ndiyo hiyo inayotetemeka."

Nassoro aliondoka mapema Ijumaa ile. Hakuwa na pa kwenda. Alizunguka Barabara ya Ufukweni mara mbili, akarudi Umm Salal.

Wiki chache baadaye Mzee Jasim alitangaza kuwa mwaka huu hatasafiri. Ameagiza bunduki mpya, lakini Renzo ndiye atakayekuja kumpima. "Miaka yote namfuata mimi," alisema. "Naye aje aone kwetu." Nassoro alielewa mara moja. Kule karakana kuna macho mengi, na yote ni macho ya watu wanaoishi kwa kutazama mikono.

Renzo alikuja akiwa amevaa koti la sufu, akalivua palepale nje ya uwanja wa ndege huku akicheka. Alibeba sanduku refu lenye vibali vyote, na ndani yake bunduki ya vipimo, ambayo kitako chake hurefushwa na kufupishwa kwa skrubu mpaka kimkae mteja sawasawa. Alimkumbatia Jasim kwa nguvu. Jasim alikuwa ameutia mkono wa kulia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata Nassoro aliwapeleka kwenye uwanja wa shabaha wa Lusail. Kwa mbali winchi za majengo mapya zilikuwa zikizunguka polepole juu ya mchanga. Renzo akaanza maswali yake ya kila mara, na Nassoro akafasiri.

"Anauliza kama jicho liko vilevile."

"Mwambie liko vilevile."

"Anauliza bega."

"Bega ni lilelile."

"Anauliza mikono."

Jasim alimtazama Nassoro, wala si Renzo. "Mwambie mikono yangu ni ile anayoijua."

Nassoro akayafasiri hivyo hivyo, neno kwa neno.

Jasim akapiga. Visahani viwili vya kwanza vilipita salama. Cha tatu alikivunja, akatabasamu. Renzo hakutabasamu. Alikaza skrubu, akalegeza, akamwomba apige tena. Akamwomba tena. Kisha akainua kiganja, shughuli ikasimama, akamgeukia Nassoro.

"Wewe," alisema kwa Kiingereza chake, "kwa nini unakimbia?"

"Sikimbii, bwana."

"Kila akifunga bunduki tayari kupiga, unakwenda nyuma ya nguzo. Akifungua, unarudi. Karakanani kwangu hukuwa hivyo. Ulikuwa unasimama ubavuni kwake."

Nassoro aliiangalia nguzo ile ya zege. Hakuwa amejua kwamba anafanya hivyo. Miguu ilikuwa imekwenda yenyewe.

"Anasema nini?" aliuliza Jasim.

Angeweza kusema chochote. Hakuna mwingine pale aliyejua lugha zote mbili. Angeweza kumwambia mzee kwamba fundi anasifu jicho lake, na kumwambia fundi kwamba yeye anakimbia jua. Bunduki ingetengenezwa, ingeletwa, na ingepelekwa shambani. Na kule shambani mtu wa kuisukuma mashine angekuwa ni yeye yule.

"Baba," alisema kwa Kiarabu, "ananiuliza kwa nini najificha ukishika bunduki. Naomba ruhusa nimjibu kweli."

Uso wa Jasim ukabadilika rangi. "Mjibu unavyotaka."

"Sitamjibu bila wewe kusikia." Akasema kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiingereza: shamba, mkono, tangi, maji mgongoni. Hakuongeza chumvi. Akataja na kwamba alidhani ni damu.

Jasim aliifungua bunduki, akaiweka mezani. Ilichukua muda, kwa sababu mkono ulikuwa ukigonga mbao za meza. "Nenda garini," alisema.

Akiwa garini, kupitia kioo, Nassoro aliwaona wazee wawili wamesimama bila mkalimani. Renzo alisema jambo, akatikisa kichwa. Akaanza kuzilegeza skrubu zote, moja baada ya nyingine, akairudisha bunduki ya vipimo sandukuni. Hilo halikuhitaji tafsiri. Jasim aliinua sauti. Renzo akamshika bega, Jasim akausukuma mkono wa fundi.

Renzo aliondoka siku iliyofuata. Pale uwanja wa ndege alimwomba Nassoro amfikishie mzee ujumbe: bunduki hataitengeneza, ila kigoda chake kipo, aje akikalie. Nassoro aliufikisha.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Mzee hakumtuma popote, na dereva asiyetumwa hajui aketi wapi. Nassoro alipanga nguo zake katika begi, akazipangua, akazipanga upya. Zuleikha alimwambia ikiwa ni kurudi Tanga, watarudi, watu wanaishi Tanga. Alisema hivyo kwa ujasiri, halafu akauliza karo ya Halima ingetoka wapi.

Siku ya nne Jasim alitoka na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akapanda gari, akaketi mbele badala ya nyuma.

"Shambani," alisema.

Walipofika alimwambia Nassoro asimame pale pale alipokuwa amesimama siku ya tangi. Yeye naye akaenda pale alipokuwa yeye. Hakuwa na bunduki, alikuwa na fimbo yake tu. Akageuka polepole, kama alivyogeuka siku ile, na fimbo ikamwelekea Nassoro kifuani. Akaangalia. Kisha akatembea kutoka kwake mpaka kwa Nassoro, hatua chache, akafika upesi kuliko alivyotarajia. Akasimama mbele yake, karibu kabisa, akihema.

"Nilidhani ulikuwa mbali," alisema.

"Sikuwa mbali, baba."

"Watoto unao?"

"Binti mmoja. Halima."

"Miaka yote hii sijakuuliza." Akaketi juu ya ukingo wa zege lililoshikilia tangi jipya, mkono ukitetemeka juu ya goti, na safari hii hakuuficha. Walikaa hivyo mpaka mfanyakazi wa shamba alipokuja kuuliza kama wanataka maji.

Walipokuwa njiani kurudi, mzee alisema waingie hospitali. Huko muuguzi mmoja Mkenya, jina lake Cherotich, alimshika Jasim mkono wa kulia kwa viganja vyake viwili, akamwambia Nassoro kwa Kiswahili, "Mwambie mzee asiukaze. Akiukaza ndio unazidi." Nassoro akafasiri. Daktari alitaja ugonjwa ambao Jasim, ilionekana, alikuwa akilijua jina lake zamani. Jioni ile alimwita Fahadi, akamkabidhi funguo za kabati la bunduki, wakaenda pamoja polisi kubadilisha vibali viwe kwa jina la mwana.

Nassoro hakutulia mara moja. Kwa miezi mingine aliendelea kusimama nyuma ya nguzo za maduka bila sababu. Jasim naye hakusema samahani, wala hakumpandishia mshahara. Lakini tangu siku ile aliketi mbele.

Mwaka uliofuata, joto lilipoanza, walisafiri. Karakana ilikuwa vile vile, na harufu yake ya mafuta na unga wa mbao. Jasim alipewa kigoda. Mke wa Renzo alimletea kahawa, safari hii katika bakuli dogo lenye mikono miwili, akaiweka bila kumtazama usoni. Pembeni fundi kijana alikuwa akiking'arisha kitako kizuri mno, mti wa jozi wenye mishipa myeusi. Kilikuwa cha mteja mwingine. Jasim alikitazama muda mrefu. Hakuomba kukishika.

Mchana alimwita Nassoro karibu. "Mwulize Renzo," alinong'ona, "kama mwakani naweza kuja tena, hata bila kununua."

Nassoro akauliza. Renzo, tupa mkononi, aliwatazama wote wawili kwa zamu, akajibu kwa swali fupi, kisha akarudi kwenye chuma chake.

"Amesemaje?" Jasim aliuliza upesi.

"Anashangaa, baba," alisema Nassoro. "Anataka kujua kwa nini unauliza."