Salamu Iliyozidi Kipimo

Jumatatu asubuhi dada wa mapokezi alikuwa anabandika upya namba ya chumba iliyobanduka mlangoni, gundi imemkaukia vidoleni, Mpekuzi alipoingia akikung'uta mwavuli. Mpekuzi lilikuwa jina la kazini. Alikagua programu walizoandika wenzake kabla hazijatoka, na mtu wa kukosoa wenzake hakosi kupachikwa jina.

"Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto?" alisalimu, huku ameshapita.

"Nzuri," alisema dada wa mapokezi, "majibu ya kipimo yametoka, mume wangu asijue kwanza, na neno la siri ni jina la bibi na mwaka aliozaliwa."

Mpekuzi alirudi nyuma. "Umesemaje?"

"Nimesema nzuri." Akaendelea kukwangua gundi.

Adhuhuri mhasibu alimjulia hali dada huyo, akajibiwa kwamba ni salama na kwamba wakili amekubali kuificha ile talaka mpaka shule zifungwe. Dereva akatajiwa namba ya akaunti asiyoijua. Hakuna aliyeshangaa, watu walishangaa zaidi siku lifti ilipotengenezwa. Walichofanya ni kushuku.

Ofisi ile ilitengeneza kufuli. Si la mlango: ni programu ambayo benki, mawakili na zahanati waliiweka kwenye mashine zao ili ujumbe upite njiani umefungwa, mdaku asiusome. Kwa hiyo siri za watu kuzagaa mapokezi halikuwa jambo la kheri. Meneja akaitisha kikao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Humu ndani kuna mtu anachungulia." Hakumtazama Mpekuzi, na kila mtu aliona kwamba hakumtazama.

Tangu hapo, Mpekuzi akipita nyuma ya viti, skrini zilizimwa. Kikombe chake kilihamishiwa kabati la peke yake. Naye akaanza kuwashuku wenzake: kwa nini mhasibu anafunga droo kwa ufunguo, kwa nini dereva anacheka kabla kichekesho hakijafika mwisho. Aliyemshuku zaidi ni dada wa mapokezi, aliyetoweka kila mchana na kurudi macho mekundu. Siku moja akamfuata.

Alimkuta nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka, ameuelekea ukuta. "Nzuri," alikuwa anauambia. "Nzuri. Nzuri tu."

"Unafanya nini, mwenzangu?"

"Najizoeza." Hakugeuka. "Mtu akiniuliza neno moja, najibu moja, yamekwisha. Lakini akinimwagia salamu ndefu ambazo hana haja nazo, nikishajibu naona pamebaki nafasi mdomoni. Halafu panajaa. Sijui panajaa nini. Nasoma tu nyuso zenu."

"Kwani huyasikii?"

"Wewe unausikia mkoromo wako?"

Mpekuzi alirudi mezani bila kula. Alifungua sehemu ya programu ambayo hakuna aliyewahi kuitilia maanani, ile ya salamu. Mashine mbili zinapozungumza, moja hupiga hodi mara kwa mara kujua kama mwenzake bado yupo: hutuma neno, ikataja urefu wa neno lenyewe, na nyingine hulirudisha. Aliyeiandika hakuweka kipimo. Ukituma neno fupi ukadai ni refu, mashine ya pili haikuulizi. Inakurudishia neno lako, kisha inajaziliza kwa chochote kilicholala jirani katika kumbukumbu yake: majina, majibu ya damu, hata funguo zenyewe. Kufuli lilikuwa zima. Bawabu ndiye aliyekuwa anaropoka.

Kuliziba tundu hakukuwa kazi kubwa. Aliandika marekebisho, akaenda kwa Meneja.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi acha kwanza. Dada wa mapokezi anaondoka leo. Hilo litatuliza watu."

"Hana kosa, bosi. Ndilo ninalokueleza."

"Maneno yanatoka mdomoni mwa nani?"

Hapo Mpekuzi akafanya jambo ambalo baadaye hakujua kama lilikuwa adabu au ujanja. "Samahani, nimeingia bila kukuamkia. Shikamoo. Habari za tangu asubuhi, za mama, za wote nyumbani?"

"Marahaba," alisema Meneja, kwa sauti ileile ya kuagizia chai. "Hatujambo, tundu tunalijua tangu mvua za mwaka jana, tukiliziba sasa wateja watauliza lilikuwa wazi tangu lini, wanunuzi wa kampuni wasaini kwanza, na atafutwe wa kubebeshwa lawama."

Feni ilizunguka. Meneja alikunywa maji.

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesema marahaba. Na kile cheo cha mkuu wa kitengo, naona kinakufaa."

Dada wa mapokezi aliondoka mchana ule na mkoba wake na ua la dirishani. Hakuna aliyemuaga kwa maneno. Watu walikuwa wameshaacha kusalimiana. Walimpungia mikono. Mpekuzi naye alipunga.

Wanunuzi walikuja. Salamu zilikuwa ndefu, kama zilivyo za watu wasioaminiana, na Meneja akaitikia kwamba wao ni wazima na kwamba tundu lipo. Mkubwa wa wageni akasema nao ni wazima, na la kwao ni kubwa zaidi. Wakasaini, wakapiga picha.

Mpekuzi akapewa chumba chenye mlango. Marekebisho yake yalibaki kwenye mashine yake. Zahanati ziliendelea kupigiana hodi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa aliingia duka la vifaa kumnunulia mwanawe madaftari, akamkuta dada wa mapokezi nyuma ya kaunta, amekonda, anamfungia mteja rula.

"Jamani, habari za siku nyingi? Za ofisini? Yule aliyekuwa anachungulia walimpata?" Aliiacha rula, akasubiri, alitaka kujua kwelikweli. "Maana mpaka leo nikilala najiuliza kama ni mimi."

"Nzuri," alisema Mpekuzi.

Maneno mengine yalimjia mpaka kwenye meno. Aliyasikia yote, na hayakuwa ya mtu mwingine. Akafunga mdomo mpaka yakarudi yalikotoka, kisha akaomba aongezewe na penseli za rangi.